Sanduku Lililo Nje ya Mashine: Historia Fupi ya Diski ya Nje Itazamwapo kutoka Kyambogo

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo kidogo ambacho wengi wetu twakibeba mkobani bila kukitafakari. Chombo chenyewe ni diski ya nje, yaani kile kisanduku kinachounganishwa na kompyuta kwa waya ili kiweke maandishi, picha, sauti, na hata programu za kazi za kila siku. Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini walimu wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba katika Uganda, ambako vitabu vya Kiswahili ni haba na ambako somo hili limetwishwa mzigo mpya, sehemu isiyo ndogo ya akiba ya mwalimu wa Kiswahili haimo katika rafu za maktaba bali imo katika visanduku hivi. Ikiwa ndivyo, yatupasa kujua vilitoka wapi, vyafanya kazi kwa namna gani, na vyaweza kutegemewa kwa kiasi gani.

Tuanze na lugha yenyewe. Maneno mawili tuyatumiayo mbele ya kompyuta kila siku, kuhifadhi na kunakili, yametoka katika Kiarabu, nayo yalikuwa yakitumika katika vyuo vya Kurani vya pwani zamani sana kabla ya mashine yoyote ya umeme. Kuhifadhi ni kulinda, na pia ni kutia moyoni; aliyehifadhi Kurani yote huitwa hafidhi, kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa ghala la maneno. Kunakili nako, katika shina lake la Kiarabu, kuna maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali pengine. Anakiliye kitabu hukihamishia katika karatasi mpya, lakini ile ya kwanza hubaki ilipokuwa. Hapo ndipo Kiswahili chetu cha leo kinapotenganisha mambo mawili ambayo shina lile liliyachanganya, kwani kwetu sisi kuhamisha si kunakili. Naomba msomaji aiweke tofauti hiyo akilini, maana hasara nyingi nitakazozitaja huko mbele zimetokana na watu waliohamisha huku wakidhani wamenakili.

Kilima cha Kyambogo kiko mashariki ya Kampala, takriban kilometa 8 kutoka katikati ya mji, kando ya barabara iendayo Jinja. Historia yake ni historia ya kuhama. Shule ndogo ya ufundi iliyoanzishwa Makerere mwaka 1928 ndiyo iliyohamia hapa mwaka 1958 ikiitwa Kampala Technical Institute, na baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ikawa Uganda Polytechnic Kyambogo. Chuo cha ualimu cha serikali kilianza Nyapea, katika West Nile, mwaka 1948, kikaletwa Kyambogo mwaka 1954, na baadaye kikajulikana kwa jina la Institute of Teacher Education. Taasisi ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu ilichipuka humo humo, ikasimama peke yake mwaka 1998. Mwaka 2003 zote tatu ziliunganishwa zikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwenye kilima hicho hicho ndipo ilipo pia taasisi ya taifa ya kukuza mitaala. Kwa hiyo mafundi na walimu wamekuwa majirani kwa muda mrefu, na kila muungano na kila uhamisho wa namna hii humwachia mtunza kumbukumbu kazi ile ile ya kuhesabu masanduku yaliyofungwa na yaliyofika.

Lugha yetu nayo iliwahi kuwa na ofisi yenye kutembea. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilikaa kwanza Dar es Salaam. Mwaka 1942 ikahamia Nairobi. Mwaka 1952 ikaja Makerere, hapa Kampala. Mwaka 1962 ikateremka Mombasa. Na mwaka 1964 ikarudi Dar es Salaam kuwa sehemu ya chuo cha uchunguzi wa Kiswahili. Miji minne katika miaka isiyozidi 35! Ni mara chache Waganda hukumbuka kwamba kwa miaka kumi makao ya uchunguzi wa Kiswahili yalikuwa katika mji wao. Katika miaka hiyo ndipo W. H. Whiteley alipotoa maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, pamoja na jarida la Kamati la mwaka 1958 na 1959. Kazi hiyo twaisoma hadi leo, na sababu si kwamba kabati la Kamati lilikuwa imara. Ilipigwa chapa ikatawanywa. Kabati lingeweza kupotea njiani kati ya Kampala na Mombasa, na bado nakala zingepatikana katika maktaba nyingine.

J. W. T. Allen alipozunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada na sauti za Kiswahili, alikuwa akishindana na mchwa, unyevu, na warithi wasiojua thamani ya karatasi kuukuu. Orodha ya mkusanyo huo, uliowekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1970. Miswada mingi ya pwani iliyotufikia ni kazi ya wanakili, watu waliokaa na kalamu ya mwanzi na kuandika upya utendi mzima, beti kwa beti, kwa sababu mtu wa mji mwingine aliutaka. Hakuna aliyewaagiza wahifadhi utamaduni. Walitaka tu mwenzao naye awe nao.

Sasa tuigeukie mashine. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa chombo cha kwanza cha kuhifadhi habari juu ya diski zizungukazo, sehemu ya mtambo ulioitwa RAMAC. Kilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24. Kilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Na uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5. Diski ya nje ya terabaiti moja, ambayo leo hutiwa katika mfuko wa shati, huchukua kiasi cha RAMAC 200,000. Mwaka 1962 IBM hao hao walitoa diski ambazo mwendeshaji aliweza kuzitoa katika mashine, kuzifunika mfano wa keki, na kuziweka kabatini. Nionavyo mimi, hicho ndicho chanzo hasa cha habari yetu, kwani kwa mara ya kwanza ghala la diski liliweza kuachana na mashine yake. Mwaka 1971 ikaja diski laini ya inchi 8. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitengeneza diski ngumu ndogo iliyofaa kompyuta ya mezani, na mwaka uliofuata Apple waliuza diski ngumu ya nje iitwayo ProFile, ya megabaiti 5, kwa dola 3,499. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua gari lililotumika.

Afrika ya Mashariki haikuzipokea mashine hizi kwa moyo mmoja. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mtambo wa hesabu za Hazina kuleta hasara na mkanganyiko. Wapo waliocheka uamuzi huo baadaye. Mimi siwacheki waliouamua, maana walikuwa wameona jinsi hesabu za nchi nzima zinavyoweza kutiwa ndani ya kitu ambacho hakuna mwananchi awezaye kukifungua na kukisoma.

Mambo mawili ndiyo yaliyoifanya diski ya nje iwe mali ya mtu wa kawaida. La kwanza ni ugunduzi wa mwaka 1988 wa Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, kuhusu jinsi umeme upitao katika tabaka nyembamba mno za metali unavyobadilika kwa nguvu ya sumaku. Ugunduzi huo uliwezesha kichwa cha kusomea kutambua alama ndogo sana, na uwezo wa diski ukapanda upesi. Wataalamu hao walipata tuzo ya Nobel mwaka 2007, mwaka ule ule ambao diski ya kwanza ya terabaiti moja ilitolewa. La pili ni USB, kanuni ya kuunganisha vyombo iliyotangazwa mwaka 1996. Kabla yake kila chombo kilikuwa na waya wake na tundu lake, na mara nyingi kilihitaji fundi. Mwanzoni njia hiyo ilikuwa nyembamba, na kupitisha mzigo wa megabaiti 700 kulichukua zaidi ya dakika kumi. Toleo la mwaka 2000 liliipanua mara 40, na lile la mwaka 2008 liliipanua tena mara kumi, hata ikawa kinachochelewesha si waya bali ni sahani yenyewe izungukayo.

Hapa ndipo Kyambogo inapoingia. Katika nchi tajiri diski ya nje ilinunuliwa kama nyongeza: mtu alikuwa na kompyuta yake nyumbani, ikamjaa, akaongeza ghala. Katika vyuo vyetu mambo yalikuwa kinyume. Mwanafunzi alikuwa na ghala kabla ya kuwa na mashine. Kompyuta zilikuwa za chumba cha chuo, au za ofisi, au za duka la kuchapia huko Banda, chini ya kilima. Leo aliketi kwenye hii, kesho kwenye ile, na aliyemfuata aliweza kufuta kazi yake yote bila hata kujua. Basi tasnifu, picha, barua za kuomba kazi, na matokeo ya utafiti vilikaa katika kitu alichokivaa shingoni au kukitia mfukoni: kwanza diski laini, kisha kuanzia miaka ya 2000 kidude kidogo ambacho kila mtu hukiita flashi, na baadaye, kwa wenye uwezo, diski ya nje. Mashine ilikuwa kama meza ya mkahawa, ambayo huikalia, ukala, ukaondoka na sanduku lako. Neno sanduku, kwa njia, Waganda nao wanalo; walilipokea, wakaliita essanduuko, kama walivyopokea kitabu wakasema ekitabo. Kila mwanafunzi wa shule ya bweni nchini humu amewahi kuwa na sanduku la bati lenye kufuli.

Umeme ulizidisha haja hiyo. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ndilo lililokuwa tegemeo la nchi kwa miongo mingi, na maji ya Ziwa Viktoria yalipopungua mwaka 2005 na 2006, Kampala iligawiwa umeme kwa zamu hata mitaa ikakaa gizani siku nzima. Kompyuta ya mezani ikizimwa ghafula hupoteza kile kilichokuwa hakijahifadhiwa, na mara nyingine diski yake ya ndani hupata dosari. Diski ndogo za nje, zile za inchi 2.5, zilikuwa na fadhila moja ambayo wenzetu wa Ulaya hawakuithamini sana, nayo ni kwamba hazikuhitaji umeme wa ukutani. Zilinyonya umeme katika waya ule ule wa USB, na pale tundu moja lilipokuwa dhaifu, waya wenye vichwa viwili ulichukua katika matundu mawili. Kwa hiyo mtu mwenye kompyuta ya kupakatwa iliyobaki na betri ya saa moja aliweza kunakili kazi yake yote gizani. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012 likaongeza megawati 250, hali ilipata nafuu, lakini tabia ilikuwa imekwisha kujengeka.

Kisha kuna intaneti. Mpaka mwaka 2009, ulipofika Mombasa ule waya wa baharini uitwao SEACOM, Uganda ilitegemea satelaiti, kwa bei ambayo vyuo vingi havikuiweza. Miaka iliyofuata ilileta unafuu, lakini ilileta pia kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, na kuzimwa kabisa kwa intaneti kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, hadi tarehe 18. Katika siku hizo tano kila aliyekuwa ameweka kazi zake zote katika lile ghala la mbali wanaloliita wingu alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Mwenye diski mkononi aliendelea kufanya kazi.

Ndiyo maana katika Afrika diski ya nje ilipata kazi ambayo waliyoiunda hawakuifikiria: kuwa maktaba. Mradi uitwao WiderNet, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, chini ya Cliff Missen ambaye alikuwa amefundisha Nigeria, ulitengeneza kile kilichoitwa eGranary, yaani ghala la nafaka. Ulikusanya mamilioni ya hati kutoka intaneti kwa idhini ya wenyewe, ukazipakia katika diski, ukaisafirisha hiyo diski hadi chuo ambacho hakikuwa na njia ya intaneti, au kilikuwa nayo nyembamba kama uzi. Tangu mwaka 2007 programu iitwayo Kiwix imefanya jambo kama hilo kwa kamusi elezo ya Wikipedia, ambayo tawi lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Tawi hilo zima, pamoja na picha zake, laweza kukaa katika pembe ndogo ya diski na kusomwa katika shule isiyo na intaneti hata kidogo.

Wauza filamu wa Banda, Kireka na Wandegeya hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika vibanda vyao diski za terabaiti kadhaa zimepangwa, zimejaa nyimbo na filamu zilizosimuliwa kwa Kiganda, na mteja hulipa kwa kila filamu inayotiwa katika flashi yake. Sheria ya haki za watunzi ina neno lake juu ya biashara hiyo, na si kusudi langu kuitetea. Nasema tu kwamba kama ungetaka kuona jinsi maandishi yalivyotembea pwani zamani za wanakili, hapo ndipo ungepata mfano ulio hai.

Nimetaja programu, na sina budi kueleza, kwa kuwa wengi huingia hasara hapo. Maandishi hukaa popote. Programu haifanyi hivyo. Programu nyingi za Windows zinapowekwa huacha vipande vyao katika diski ya ndani na kuandikisha majina yao katika daftari la siri la mashine ile. Ukiiweka programu katika diski ya nje kisha ukaiunganisha diski hiyo na kompyuta nyingine, utaona majalada yake yapo lakini haifunguki, kwa sababu daftari la mashine ya pili halina habari zake. Mwaka 2004 John T. Haller alionyesha njia ya kuikwepa shida hiyo, alipokitengeneza kivinjari cha Firefox kiwe na kila kitu chake ndani ya kijalada kimoja kinachobebeka, na programu nyingine nyingi zikafuata mtindo huo. Linux ilikwenda mbali zaidi, kwani mfumo mzima waweza kuwashwa kutoka diski ya nje, ukaitumia mashine ya wengine kama punda wa kukodi, ukashuka bila kuacha alama. Microsoft nao walijaribu jambo hilo mwaka 2012, wakaliacha mwaka 2020. Kasi ya diski izungukayo haikutosha kwa mfumo mzima, na mtu aliyezoea kuhesabu dakika huona tofauti. Kwa kuandika na kusoma, hata hivyo, yatosha.

Kwa walimu wa Kiswahili mwaka 2004 una jambo jingine la kukumbukwa. Katika mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi ambazo amri zake zote ziliandikwa kwa Kiswahili. Kabla ya hapo mwalimu aliyefundisha Kiswahili aliandika mtihani wake wa Kiswahili kwa kuiamuru mashine kwa Kiingereza. Programu hiyo ilikuwa huru, haikulipiwa, na iliruhusiwa kunakiliwa na kupewa mwingine. Basi iliweza kwenda kwa flashi, mkono kwa mkono, kama utendi.

Haya yote yamepata uzito mpya kwa sababu ya hali ya Kiswahili nchini. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa Idi Amin, na kwa miaka mingi baada ya hapo wananchi wengi walikihusisha na amri za askari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, kazi ya taasisi iliyopo Kyambogo, ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya maazimio, wala vitabu. Mwalimu aliyepelekwa Kabale au Arua hubeba alichonacho: muhtasari wa somo, mazoezi aliyoyatunga mwenyewe, hadithi alizozipiga chapa, sauti za mazungumzo alizorekodi Mombasa au Kigoma. Vitu hivyo havimo katika duka lolote la vitabu. Vikipotea, havinunuliki.

Navyo hupotea. Ndani ya diski ngumu kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanometa chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Diski iliyozimwa huweza kustahimili kubebwa kwa bodaboda katika mashimo ya Kireka, maana kichwa kimeondolewa juu ya sahani. Diski iliyo kazini haistahimili hata kuanguka kutoka mezani. Wanaochomoa waya bila kwanza kuiamuru kompyuta iiachilie diski hujiponza vilevile, kwani kompyuta hupenda kuweka kando sehemu ya mzigo kwanza ili iuandike baadaye, na hilo baadaye huenda halijafika.

Virusi nao walipata katika flashi zetu usafiri usio na nauli. Conficker, aliyeanza kuonekana Novemba 2008, alipita katika mitandao na katika vyombo vya USB pia, akitumia ile tabia ya Windows kufungua chenyewe kila kitu kilichochomekwa. Tabia hiyo Microsoft waliikomesha kwa mashine nyingi kwa marekebisho ya Februari 2011. Wengine huyaficha majalada yote na kuweka mahali pake vielelezo vya uongo. Wanafunzi wengi walioona hivyo walidhani kazi yao imekwisha, wakaifuta flashi nzima ili waanze upya, kumbe maandishi yalikuwa bado yamo yamefichwa tu. Waliyaangamiza kwa mikono yao. Anayekutwa na jambo hilo asifute chochote kabla fundi hajatazama.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haimo katika diski. Imo katika ile tofauti niliyoitaja mwanzoni. Mtu huona kompyuta yake imejaa, hununua diski ya nje, huhamishia humo kazi za miaka kumi, kisha hulala akisema amehifadhi. Amehamisha. Kabla ya hapo alikuwa na nakala moja, na baada ya hapo bado anayo moja, tena sasa imo katika kitu kinachoibika kwa urahisi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto uliunguza jengo kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941, na ofisi zilizokuwamo. Watu waliosimama nje wakitazama paa likianguka hawakuuliza juu ya mawe. Waliuliza juu ya kumbukumbu, kama nakala yake ipo, na kama ipo, iko katika jengo gani. Diski iliyomo ndani ya kabati la chumba kile kile chenye kompyuta huungua pamoja na kompyuta.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alitoa hesabu iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Kwa mwalimu wa Kyambogo hii si lazima iwe gharama kubwa. Nakala moja imo katika kompyuta anayoitumia, ya pili imo katika diski ya nje, na ya tatu, ya yale yasiyonunulika tu, imo katika flashi iliyoachwa kwa ndugu yake Mbale au Masaka, au katika wingu pale intaneti inaporuhusu. Ziangaliwe walau mara moja kwa mwaka, kwani diski iliyosahauliwa kabatini nayo huzeeka. Na kama ndani yake kuna alama za wanafunzi au majina ya wazazi wao, itiwe neno la siri, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haimsamehi aliyezipoteza kwa sababu tu zilikuwa mfukoni mwake.

Limebaki jambo moja, linalowahusu hasa wazee wetu waliofundisha katika miaka ya 1980 na 1990. Majumbani mwao zipo diski laini, za inchi 5.25 na za inchi 3.5, zenye mitihani, tamthiliya za shule, na orodha za msamiati zilizokusanywa kwa jasho. Kampuni ya Sony, mtengenezaji mkubwa wa mwisho, iliacha kuzitengeneza mwaka 2011, na sumaku iliyomo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Visomeo vya zile za inchi 3.5, vya kuchomeka kwa USB, vyapatikana bado kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, na kazi ya kuzinakilia katika diski ya nje haizidi alasiri moja. Za inchi 5.25 zahitaji fundi mwenye mashine ya zamani, na mafundi hao wanapungua.